Majirani wa Forest, Mbeya: kijiko cha Uri Geller

*Mama Tumaini, 19:12*
Za jioni majirani. Shikamoo Babu. Ile video ya jana, mzee anapapasa kijiko mpaka kinakatika, ni Uri Geller yule wa zamani? Vijana wa huku kwetu wamegawanyika, wapo wanaosema ana karama na wapo wanaosema ni mazingaombwe.

*Babu, 19:15*
Marahaba mama. Ndiye. Amezaliwa Tel Aviv mwaka 1946, na miaka ya 1970 alivuma Marekani na Uingereza. Madai yake makubwa ni matatu: kukunja chuma kwa nia, kuamsha saa zilizosimama, na kuona picha iliyochorwa mahali ambapo macho yake hayafiki. Naomba tuyapime moja moja, maana ukiyachanganya lile lenye nguvu linalibeba lililo dhaifu.

*Fundi Mageti, 19:19*
Kijiko niachieni mimi. Stenlesi inayeyuka kwenye nyuzijoto 1400 hivi. Joto la vidole halilegezi chochote, kwa hiyo ukiona shingo inalegea mkononi mwa mtu, ililegezwa mapema.
Inafanyika hivi. Chukua kijiko chembamba, kikunje shingoni kwenda na kurudi. Mara za kwanza kinakuwa kigumu zaidi, halafu chuma kinachoka na ufa mwembamba kama unywele unatokea. Hapo unasimama, unakinyoosha. Mbele ya watu unaziba ufa kwa kidole gumba na cha shahada, unapapasa huku unatikisa kidogo kidogo. Ufa unapanuka, kichwa kinaning'inia, kinaanguka.
Ugumu upo kwenye kipimo: ukizidisha matayarisho kinakatika unapokitoa tu mfukoni, ukipunguza utapapasa mpaka watu waondoke.

*Fundi Mageti, 19:21*
Na ipo njia isiyohitaji ufa. Unakikunja kwa nguvu sekunde moja watu wakiangalia kwingine, kisha unakishika ncha ikiwaelekea wao ili pindo lisionekane. Ukikizungusha polepole, jicho linaapa kwamba kinakunjika sasa hivi.

*Dada Upendo, 19:22*
Na kile kinachoyeyuka ndani ya chai?

*Fundi Mageti, 19:23*
Hicho ni cha galiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 30. Hata kiganja kinaiyeyusha. Hiyo siyo kazi ya Geller.

*Fundi Saa, 19:28*
Kwenye saa: alikuwa anawaambia watazamaji wa televisheni wachukue saa zao mbovu, wazishike mkononi, waziamuru zitembee. Zikatembea kweli, watu kwa maelfu wakapiga simu kwa mshangao, na simu hizo sizikatai.
Ila saa ya kutia ufunguo ikisimama, mara nyingi springi wala gia haijavunjika. Mafuta yameganda na vumbi limekaa kwenye ekseli za balansi, kile kigurudumu kinachokwenda na kurudi. Ukiifumbata dakika chache mafuta yanakuwa mepesi, ukiitikisa balansi inajinasua. Baridi hii ya kwetu ya Juni na Julai mnaijua, saa iliyolala dirishani asubuhi imesimama, ikivaliwa inaamka. Wanasaikolojia David Marks na Richard Kammann kule New Zealand waliwaomba mafundi wajaribu kushika na kupasha tu saa zilizoletwa na wateja, na zaidi ya nusu zilianza kutembea. Nyingi za namna hiyo husimama tena, kwa sababu uchafu bado umo ndani. Dawa yake ni kuifungua, kuiosha na kuitia mafuta mapya.

*Mama Tumaini, 19:31*
Lakini si wanasayansi walimpima wakakubali?

*Mwalimu wa Fizikia, 19:38*
Walikubali nini hasa, mama? Russell Targ na Harold Puthoff wa Stanford Research Institute walichapisha matokeo kwenye jarida la Nature mwaka 1974. Yalihusu kuona michoro. Kuhusu kukunja chuma waliandika wenyewe kwamba hawakuweza kulishuhudia jambo hilo chini ya ulinzi wa kutosha. Wanaotangaza kwamba "maabara ilithibitisha vijiko" wanasema kisichoandikwa. Wahariri nao walitanguliza maelezo ya kueleza mashaka yao.

*Babu, 19:41*
Tuwe waadilifu, Mwalimu. Kuna mchoro wa kichala cha zabibu, naye Geller akachora kichala chenye idadi ileile, punje 24. Huo ndio ushahidi wake bora.

*Mwalimu wa Fizikia, 19:47*
Ni kweli Babu, na ndiyo maana ulinzi wa chumba ni muhimu kuliko mchoro wenyewe. Marks na Kammann waliandika kwamba ukuta wa chumba alichofungiwa ulikuwa na tundu la kupitishia nyaya. Idadi inapolingana punje kwa punje, mimi nauliza kwanza nani aliona karatasi na ilipitia wapi.
Tazama Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, 1975. Watoto sita waliosema wanakunja vijiko kama Geller walipewa vyuma, mlinzi wa ndani akaagizwa alegeze macho, wengine wakatazama kupitia kioo cha upande mmoja. Watano walionekana wanadanganya, mmoja akitumia mguu.
Halafu St. Louis, Marekani: maabara iliyopewa dola 500,000 kuchunguza karama za namna hii ilipima vijana wawili kuanzia 1979. Vijiko vilifungwa lebo kwa uzi. Wao walibadilisha lebo tu, hivyo kijiko kilichopimwa mwanzo siyo kilichopimwa mwisho, na vipimo "vikaonyesha" kimekunjika. Walikuwa wametumwa na mwanamazingaombwe James Randi, siri ikatolewa 1983. Randi alikuwa ameiandikia maabara mapema tahadhari za kuchukua.

*Dada Upendo, 19:50*
Na Johnny Carson, mtangazaji wa televisheni Marekani aliyemwalika Geller, 1973! Aliwahi kufanya mazingaombwe mwenyewe, akaomba ushauri wa Randi: vifaa vitoke kwa watu wa kipindi, Geller na watu wake wasivisogelee kabla. Dakika 20 hivi, hakuna kilichokunjika.

*Babu, 19:52*
Na bado umaarufu ukapanda. Watu walisema mwongo asingeshindwa. Miaka ya karibuni ameanza kujiita mburudishaji, na kwa burudani namvulia kofia. Kinachonisumbua ni waliomwamini maabara zikiwa nyuma yake.

*Mwalimu wa Fizikia, 19:56*
Jumanne klabu ya sayansi wajaribu. Vijiko nane vya aina moja, vinunuliwe asubuhi hiyohiyo Mwanjelwa na mtu asiyejulikana kwa anayekunja. Namba zichongwe kwenye chuma, lebo hapana. Kamera mbili, moja iangalie mikono muda wote bila kukatwa.

*Fundi Saa, 19:58*
Nami naleta saa 20 zilizosimama. Kumi zishikwe, zitikiswe na kuamriwa, kumi zishikwe na kutikiswa vilevile bila kuambiwa neno. Tuhesabu zinazotembea, na tuzihesabu tena kesho yake.

*Mama Tumaini, 19:59*
Ndaga fijo, asanteni sana. Vijiko nitanunua mimi.