Turbo ya pili imekufa: tatizo liko wapi?

Msafirishaji, Kibaigwa

Habari zenu, wakuu. Nina lori la dizeli linalobeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa hadi Dodoma mjini. Turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, ilianza kupiga mluzi na kutoa moshi wa buluu. Nikafungiwa mpya, nayo ikakatika shafti (mhimili wa ndani) kabla ya msimu kwisha. Fundi anasema ile ilikuwa feki, ninunue nyingine. Je, kuna la kukagua kwanza?

Fundi dizeli, Nkuhungu

Ndugu, usinunue ya tatu kabla hujajua kilichoua mbili za kwanza. Feki zipo, lakini turbo nyingi huuawa na injini yenyewe. Shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, hivyo oili ikichelewa kufika, au ikifika imejaa masizi, beringi huanza kulika mara moja. Ikague iliyokufa: shafti iliyogeuka rangi ya buluu iliungua kwa kukosa oili, beringi zenye michirizi zilipata oili chafu, na mapanga ya upande wa hewa yakiwa yamelika kingo, vumbi limekuwa likipita, jambo la kawaida huku kwetu wakati wa kiangazi pale hosi ya baada ya filta inapopasuka.

Bomba dogo la kupeleka oili libadilishwe, lisisafishwe, kwa sababu kaboni iliyoganda ndani haitoki yote. Kisha teremsha sampu (bakuli la oili chini ya injini) utazame chujio la pampu ya oili. Washa (ringi za kuzuia uvujaji) za nozeli za dizeli zikivuja, gesi ya mwako huingia chini na kuijaza oili masizi, ambayo huliziba chujio hilo, na hapo hata turbo halisi kutoka kiwandani haidumu.

Mwenye mabasi, Singida

Naunga mkono, ila moshi wa buluu peke yake haumaanishi turbo imekufa. Bomba la kurudisha oili likiziba, au injini ikishindwa kupumua kwa sababu ya pistoni kuchoka, oili hukosa njia ya kushuka na kusukumwa nje kupitia sili (vizuizi vya oili) za turbo, ingawa zenyewe ni nzima.

Fundi dizeli, Nkuhungu

Ni kweli. Muulize pia fundi wako kama alipaka silikoni kwenye flanji (maungio) ya bomba la oili, kwa maana ikizidi hujiminya ndani na kuziba tundu. Ukifunga mpya, ijaze oili kwa mkono, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha hadi presha ipande.