Wauza soundi za vinanda, acheni kutuuzia kombi zinazokata sauti ibadani!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kuna tabia imeota mizizi kwa wanaouza soundi za vinanda kwenye makundi ya WhatsApp, na sisi wapiga vinanda wa mikoani ndio tunaoumia. Unasikilizishwa demo kali, unatuma hela, unaletewa faili la kombi, yaani soundi kadhaa zilizofungwa pamoja zilie kwa mpigo, unaliingiza kwenye kinanda. Jumapili kwaya inasimama, pambio linakolea, ghafla violini zinapotea na besi inakatika. Ukimrudia muuzaji anakujibu kinanda chako kibovu.

Kinanda si kibovu! Kanisani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, tunatumia Korg Kronos iliyonunuliwa mtumba. Nikipiga piano peke yake kinatulia mwanzo mpaka mwisho. Nikipiga ogani peke yake, hivyo hivyo. Shida inaanza nikifungua kombi za huyo bwana, zile alizoziita "soundi nzito za ibada". Nimezifungua moja moja kuona ndani kuna nini, na nilichokikuta kimenikasirisha kuliko hata sauti kukatika.

Kombi kwenye Kronos inabeba leya, yaani matabaka ya soundi, mpaka 16. Kuruhusiwa 16 si amri ya kuzijaza zote. Huyu bwana kazijaza, na nane kati yake zinalia kwa pamoja kila ukigusa kibao, toka besi mpaka juu kabisa. Nyingi ni programu (soundi kamili) zenye osileta, yaani vyanzo vya sauti, mbili, na kila osileta ina sampuli (sauti iliyorekodiwa) ya stirio, yaani sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Sasa piga hesabu: osileta mbili mara stirio ni sauti 4. Leya zote nane zikiwa hivyo ni sauti 32, kwa kidole kimoja tu! Injini ya sampuli ya Kronos, HD-1, yaani mtambo wa ndani unaotoa sauti zilizorekodiwa, uwezo wake ni sauti 140 kwa wakati mmoja, na hapo prosesa yote, ubongo wa kinanda, iwe inaihudumia yenyewe bila kugawana na injini nyingine. Gawanya 140 kwa 32. Vidole vinne, umemaliza. Mpiga kinanda gani wa kwaya anapiga vidole vinne? Mkono wa kushoto una besi, wa kulia una kodi (noti kadhaa kwa pamoja), mguu uko kwenye pedali na noti za kodi iliyopita bado zinalia. Prosesa ikijaa, kinanda hakina jinsi, kinakata noti, na kwa kawaida zinazoanza kukatwa ni zile za zamani. Ndiyo maana besi uliyoishikilia inaondoka wakati kwaya inaihitaji kuliko kitu chochote.

Halafu injini hazilingani uzito. Kwa takwimu za mtengenezaji, ogani ya CX-3 inafika sauti 200, piano ya SGX-1 inafika 100, lakini STR-1, ile inayoiga nyuzi zinazokwanyuliwa, ni 40 tu. Maana yake noti moja ya STR-1 inakula mara tano ya noti ya ogani. Huyu bwana kaweka STR-1 kwenye leya mbili, kwa mbali sana, eti iongeze "utamu". Kodi ya noti nane kwa leya hizo mbili ni noti 16 kati ya 40. Asilimia 40 ya prosesa imeondoka kwa kitu ambacho waumini hawakisikii kabisa, maana ngoma na gitaa vimeshakifunika.

Kubwa kuliko yote, kuna leya ameishusha volumu mpaka sifuri na kuiacha iwake. Volumu sifuri haipunguzi mzigo. Noti inachezwa, prosesa inafanya kazi, na hakuna kinachosikika. Huo ni uzembe, na tumeuziwa.

Nilipomweleza akaniambia niongeze RAM, yaani memori ya kinanda. Jamani! RAM inaongeza nafasi ya kuweka sampuli. Haiongezi hata noti moja ya kulia kwa pamoja. Ama hajui, na kama hajui asiuze, ama anajua na anatupoteza makusudi.

Na zile demo zake nimezisikiliza upya. Kodi inapigwa moja, inaachwa ilie mpaka iishe, ndipo inakuja nyingine. Kwa mwendo huo hata kombi mbovu kuliko zote itasikika vizuri. Huku kwetu mapambio yanakwenda kasi, Kongo iko ng'ambo tu ya ziwa na sebene limo damuni. Vidole havipumziki. Anayetaka kutuuzia arekodi demo kwa mwendo huo, mikono yote miwili, pedali ikiwa chini, bila kukata.

Msiniambie tununue kinanda kipya. Korg M1 ilitoka 1988 ikiwa na sauti 16 tu. Triton ya 1999 ilikuwa na 62. Watu walitengeneza soundi ndani ya mipaka hiyo na zikajaza kumbi. Yamaha Montage ya 2016 ina noti 128 za sampuli na 128 za FM (sauti zinazoundwa na kinanda chenyewe bila sampuli), na nayo ukiijazia leya ovyo itakata. Hakuna kinanda kisicho na ukomo.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Besi iwekewe mpaka wa vibao, iishie mkono wa kushoto. Violini zianze katikati kwenda juu. Tarumbeta ziitike pale tu unapobonyeza kwa nguvu. Padi ndefu, zile soundi laini za kujaza nyuma, zipunguziwe idadi ya noti, kwenye Kronos ipo sehemu ya kuweka kikomo hicho. Riverbu (mwangwi) iwe moja kwenye masta, pale sauti zote zinapokutana, leya zote zitumie hiyo, badala ya kila leya kubeba ya kwake, maana efekti nazo zinakula prosesa. Kama leya tatu lazima zilie pamoja siku zote, zirekodi ziwe sampuli moja. Na kuna ukurasa wa mita unaoonyesha prosesa imetumika kiasi gani, sasa muuzaji anashindwa nini kuutazama kabla ya kuuza? Mimi nimerekebisha kombi moja kwa njia hii, imebaki na leya tano, inasikika wazi kuliko ilivyokuwa, na haijakata.

Ila sikulipa ili nifanye kazi ya muuzaji. Hela ile ni ya kwaya. Kuna akina mama wamechanga kwa kuuza mawese na dagaa pale Kibirizi, na bado wanasimama mbele wanaimba huku muziki unawakatikia mdomoni, kisha watu wanageuka kunitazama mimi.

Wewe uliyetuuzia, najua umo humu na unasoma. Mwisho wa mwezi tuna mkesha, kwaya za Kasulu na Uvinza zinakuja. Kabla ya siku hiyo nataka kombi zilizorekebishwa, pamoja na picha ya mita ya kila moja ukiwa umeshika kodi ya mikono miwili. Huwezi, rudisha hela yote ya kwaya kwa namba ile ile iliyokutumia.