Mtaalamu wetu kaninusia anubiasi, mmea wa tangi langu la samaki, mbele ya mama mkwe, leo sikai kimya

Jani Moja:
Wakuu naandika mkono bado umelowa mpaka kwenye kiwiko. Jina silitaji, mnamjua, yule yule wa "tuma picha ya tangi nikushauri", ukituma anakujibu kikatuni cha kulia. Huyo huyo.

Nimekaa miezi miwili nachagua mimea. Miwili! Mke wangu mwenyewe sikumchagua kwa muda mrefu hivyo. Nikachora kwenye daftari kabisa kama ramani ya nyumba: mbele kapeti la mimea mifupi, katikati kripto, nyuma valisneria ziwe ndefu zifiche hita na bomba la filta, na kwenye gogo anubiasi. Anubiasi kanichagulia yeye, akasema "huo ni mmea wa wavivu, haufi hata ukiutukana". Skrinshoti ninayo.

Leo nikamwalika aje aone, ujinga wangu mwenyewe. Sebuleni kakaa mama mkwe, kaja kututembelea tangu juzi. Jamaa hata salamu haijaisha kakunja shati, kazamisha mkono, hajaomba ruhusa, samaki wanakimbilia pembeni kama wameona fisi, kachomoa anubiasi yangu kutoka kwenye mchanga, kaiinua juu maji yanachuruzika kwenye zulia, halafu wakuu... AKAINUSA. Akainusa taratibu, macho kafumba, kama anakagua mboga iliyolala. Halafu akamgeukia mama mkwe, sio mimi mwenye tangi, mama mkwe, akamsogezea naye anuse!!

Na mama akanusa. Akasema "mh".

Miaka sita ya ndoa najenga heshima tofali kwa tofali imeondoka na "mh" moja. Na anavyojiona, utadhani Takashi Amano kafufuka. Amano alikuwa Mjapani mpiga picha wa misitu na bingwa wa kupanga mimea kwenye matangi, kafariki 2015 kaacha picha mpaka leo watu wanaiga. Huyu wetu tangi lake nani kawahi kuliona hata kwa picha? Nauliza tu.

Yaani kanusa. Mmea wa mtu.

Fundi Pampu:
Nipo pale nimekaa. Swali moja tu mkuu, ilikuwa inanuka au hainuki?

Jani Moja:
Hiyo sio hoja. Hoja ni kwa nini inuswe.

Fundi Pampu:
Basi ilikuwa inanuka 😂

Mama Gapi:
Ngoja kwanza kaka. Kachomoa KUTOKA KWENYE MCHANGA? Si umesema daftari lilisema kwenye gogo? Anubiasi ina lile shina nene linalolala, majani yanatokea juu mizizi chini. Mizizi ikiingia mchangani sawa, ila shina ukilifukia linaoza, linakuwa laini kama sabuni iliyosahaulika kwenye ndoo, na harufu yake mimi naijua. Ule mmea wa feni ya Java nao ni hivyo hivyo.

Jani Moja:
Ilikuwa inaachia gogo inaelea elea, nikaifukia kidogo tu.

Mama Gapi:
Kidogo kiasi gani?

Jani Moja:
Majani yalikuwa nje.

Kambale Mpole:
"Majani yalikuwa nje" mbavu sina. Mkuu huu uzi ungeufungia anubiasi kwenye gogo tangu mwanzo usingekuwa na haja ya kuja kuufungua hapa.

Taa Saa Sita:
Mnamcheka mwenzenu lakini huyo jamaa mimi namdai. Kanichagulia kapeti, lile la majani madogo kama vichwa vya pini, ananionyesha picha za nje ya nchi, kijani tupu, mimi mate yananitoka. Hakunitajia gesi ya kaboni. Hakunitajia taa kali. Nikaweka taa yangu ya kusomea, mimea ikawa ya njano, moja moja inang'oka inapanda juu, nikasema labda mwanga mdogo nikaacha taa inawaka mchana na usiku. Wiki ya tatu nina kapeti kweli, la mwani. Refu, linapepea, samaki wanapotelea humo.

Kambale Mpole:
Mchana na usiku? Saa sita mpaka nane kwa siku zinatosha bana, na jina lako lenyewe linakwambia.

Taa Saa Sita:
Jina nimelibadilisha baada ya hapo.

Bibi Changarawe:
Mimi wangu kaniuzia mianzi ya bahati ikiwa imezama ndani ya maji kabisa, eti ya tangi. Ile ni ya nchi kavu jamani, mizizi kwenye maji sawa lakini majani yabaki juu, ukiizamisha yote inaoza polepole na wewe unazidi kumwaga mbolea. Halafu kripto zangu zilipoyeyuka majani siku chache baada ya kuzipanda, huyo huyo akaniambia zimekufa ng'oa. Nimeng'oa nimetupa. Kumbe kripto ukiihamisha ndivyo inavyosusa, mizizi iko hai, unaiacha hapo hapo inachipua. Nimetupa mimea mizima mimi kwa mikono yangu miwili.

Jani Moja:
Poleni, lakini turudi kwenye kunusa. Mama mkwe saa hizi kaniuliza kama samaki nao wako salama. Kauliza kwa upole, ndio inauma zaidi.

Fundi Pampu:
Mpe daftari alione.

Mama Gapi:
Kaka usiitupe hiyo anubiasi. Kata sehemu iliyolainika yote mpaka ufike penye ugumu na ukijani, kipande kikibaki na majani mawili matatu funga kwenye gogo.

Kambale Mpole:
Mama Gapi wewe si ndo uliyenigawia valisneria zikaja na konokono? Nilitoa mmoja kwa kijiko nikajisifu. Sasa hivi kioo sioni ndani.

Mama Gapi:
Nilikwambia uangalie chini ya majani, mayai yake ni kama tone la gundi. Na hao wadogo mmoja tu anatosha, hahitaji mwenza.

Taa Saa Sita:
Konokono afadhali. Mimi lile jani dogo linaloelea, kajani kamoja tu kaliganda mkononi nikiwa natoka kwa mtu. Siku mbili tatu liko maradufu. Nachota kila Jumapili nalikuta liko pale pale linaniangalia.

Bibi Changarawe:
Hilo mimi nalihitaji, samaki wangu wanalila lote.

Jani Moja:
Wakuu, KANUSA.

Taa Saa Sita:
Bibi njoo na ndoo. Mbili.