Bodi ya shule imetuhamishia watoto shule nyingine, wazazi tunataka kupinga, tuanzie wapi?

mama_neema

Habari zenu wandugu, naomba ushauri na mniwie radhi posti itakuwa ndefu. Tuko North Carolina, jina la kaunti naliacha kwanza. Tumepata barua kwamba bodi ya shule imechora mipaka upya na apatimenti zetu zote zimetolewa shule ya hapa jirani zimepelekwa shule iliyo upande wa pili wa barabara kuu. Shule ya sasa watoto wanaenda kwa miguu, ukisimama kwenye ngazi za jengo letu unawaona mpaka pale kwa yule mama wa koti la njano anayesimamisha magari wavuke. Hiyo mpya ni mpaka basi, na basi litapita saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, sasa mimi na majirani wengi tunafanya shifti ya usiku kiwanda cha kuku, tunarudi saa moja imeshapita. Nani atakaa na watoto kituoni gizani?

Na kinachoniuma zaidi ni huyu wangu wa kati. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hajui neno hata moja la Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza kwa watoto wageni pale shuleni akamkalia pembeni kila siku mpaka leo ndo anayemsomea bibi yake barua za hospitali. Barua ya bodi haisemi kama huko aendako mwalimu wa namna hiyo yupo. Halafu barua yenyewe imeandikwa Kiingereza na Kihispania tu, jengo la nyuma karibu wote waliitupa wakidhani ni tangazo la duka.

Jumapili baada ya ibada tulikaa wazazi, wote hatutaki. Sasa ng'ambo ya barabara, mtaa wa nyumba kubwa, nao kuna wazazi wanapinga kwa sababu watoto wao wanaondolewa shule yao ili wetu wapate nafasi. Wana mwanasheria, wana fulana za rangi moja, na wametuma mtu tukaweke sahihi kwenye barua yao. Baba Neema anasema tusijiingize, sisi ni wakimbizi tutaonekana wakorofi, na kuna jirani zetu makaratasi yao hayajakaa sawa. Naombeni mnisaidie: bodi ikishaamua inageuzika? Tuungane na hao wa fulana? Na asiye na makaratasi akijitokeza kuna hatari?

---

kaka_raleigh

Pole sana dada. Kabla ya yote chukua ile bahasha uangalie tarehe, maana sheria ya North Carolina (115C-369, hiyo namba iandike mahali) inampa mzazi asiyeridhika siku 10 tangu ajulishwe kuomba kwa maandishi mtoto apangiwe shule nyingine, na ni kwa fomu yao wenyewe. Hapo ndipo watu wetu wengi wanaangukia. Wanakusanya sahihi, wanaenda kikaoni, wanapiga kelele, siku zinapita, halafu wanaambiwa hamkuleta fomu. Barua ya kundi hata ikiwa na sahihi mia tano haihesabiki kama ombi la mtoto yeyote. Kwahiyo fanyeni vyote viwili kwa pamoja, kila mzazi ajaze fomu ya mtoto wake na kundi lipinge uamuzi mzima.

Kwenye ile fomu msijaze hasira. Sheria inataja mambo ambayo bodi lazima iyapime, maslahi ya mtoto mwenyewe, uendeshaji mzuri wa shule, halafu masomo, afya na usalama wa wanafunzi wa shule mnayoomba. Andikeni kwa kufuata hayo hayo. Usiandike "tunaonewa", andika: mtoto ana miaka saba, basi linapita saa fulani bado giza, wazazi wote wawili wako kazini mpaka saa fulani, na barua ya kiwanda inayoonyesha shifti hii hapa nimeambatanisha. Na huyo wa kati eleza alianza shule lini bila Kiingereza na sasa anasoma kiwango gani, mwombe mwalimu wake akupe matokeo ya mtihani wa lugha, hayo wanayo kila mwaka.

Halafu mna hoja ambayo wengi hawana. Bodi nyingi zinakubali mtoto abaki shule ya zamani ila zinasema basi hatutoi, mzazi ajipange mwenyewe, na hapo maskini anashindwa. Nyie watoto wanatembea! Ombeni wabaki, muandike wazi kwamba basi hamhitaji, bodi haitatoa hata senti ya mafuta.

Kingine, sheria ya jimbo inailazimisha kila bodi kuweka muda wa wananchi kusema angalau mara moja kwa mwezi kwenye kikao cha kawaida. Mara nyingi ni dakika tatu kwa mtu na unajiandikisha mapema, msisubiri mpaka siku yenyewe.

---

shangazi_charlotte

Mwanangu mama Neema, kaka hapo juu kakueleza vizuri upande wa fomu, mimi nina jambo na baba Neema na hao wa fulana.

Mwambie baba Neema, kwa heshima zote, kwamba hili jimbo historia yake ya shule imeandikwa na wazazi waliojiingiza. Mwaka 1964 hapa Charlotte mchungaji Darius Swann na mkewe Vera walikuwa wametoka India kwenye umisionari, wakampeleka mtoto wao James, miaka sita, shule ya Seversville iliyokuwa karibu na nyumbani, yenye watoto weupe na weusi. Mtoto akarudishwa nyumbani na barua kwamba yeye shule yake ni Biddleville, ya weusi watupu. Barua tu dada, kama hiyo yako. Wazazi wakaandika kwa bodi, bodi ikakataa, wakaenda mahakamani na wakili Julius Chambers. Huyo wakili gari lake lililipuliwa, nyumba yake ikapigwa bomu, ofisi yake ikachomwa moto, na hakuacha. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa haki majaji wote wakiwa upande mmoja, na shule za mji mzima zikachanganya watoto weupe na weusi kwa karibu miaka thelathini. Kwahiyo mzazi kukataa barua ya bodi sio ukorofi, watu wa hapa wamefanya hivyo zamani sana na wameheshimiwa kwa hilo.

Sasa hao jirani zako. Ombi lenu na lao linaonekana moja, kwamba watoto wa apatimenti wasihamishwe. Lakini ninyi mnasema hivyo kwa kuwa mnaipenda shule yenu, wao wanaweza kuwa wanasema hivyo kwa kuwa hawawataki watoto wenu kwao, na hayo mawili siku moja yatagongana, na siku hiyo sahihi zenu zitakuwa kwenye karatasi yao. Omba wakupe barua yao nzima, sio ule ukurasa wa sahihi peke yake. Mtafute mtu aisome neno kwa neno. Ukiona habari za thamani ya nyumba, au wastani wa mitihani kushuka kwa sababu ya "aina ya wanafunzi" wanaokuja, usiweke sahihi. Andikeni yenu.

Nilikuwa nafuatilia mambo ya kaunti ya Wake, Raleigh huko, nikaliona hili kwa macho. Wake mwaka 2000 waliweka utaratibu kwamba shule isizidi asilimia 40 ya watoto wa kipato kidogo, wale wanaokula shuleni bure au kwa bei iliyopunguzwa, ili umaskini usirundikwe shule moja. Kila kaunti ikikua watoto wanahamishwa, wazazi wanachoka, na kuchoka kwao kulikuwa kwa haki kabisa, kuna familia zilihamishwa mtoto akiwa hajazoea bado. Ila hasira hiyo ikachukuliwa na watu wenye lengo lao. Uchaguzi wa 2009 ukaleta bodi mpya na Machi 2010 wakaufuta utaratibu huo kwa kura tano kwa nne. Wazazi wengi waliokuwa wanataka tu mtoto asihamishwe kila mara wakajikuta wameutoa utaratibu uliokuwa unawalinda watoto wa maskini. Mchungaji William Barber alikamatwa na wenzake kwenye kikao cha bodi mwaka huo huo akipinga. 2011 wapiga kura wakageuza bodi tena.

---

kaka_raleigh

Shangazi hapo uko sahihi na niongeze kitu kuhusu mwanasheria wa hao jirani. Wasikutishe wala wasikupe matumaini makubwa. Wake kulikuwa na wazazi walioishtaki bodi 2007 kwa kuwapanga watoto kwa lazima shule zinazosoma mwaka mzima bila likizo ndefu, wakashinda kwa jaji wa kwanza, rufaa wakashindwa, na 2009 mahakama kuu ya jimbo ikasema bodi ina mamlaka. Kilichobadilisha mambo mwaka huo huo ni kura. Uchaguzi wa bodi za shule watu wachache sana wanapiga, jengo moja la apatimenti likijitokeza linahesabika. Kwenu wapo waliokwisha apa uraia, waulizeni kama wamejiandikisha, na mjue ni mjumbe yupi wa bodi anawakilisha mtaa wenu kisha mumtafute yeye kabla ya kikao. Kwenye kikao wanakaa kimya tu wanaandika, mazungumzo yenyewe ni kabla.

---

baba_wawili_louisville

Mimi nitatofautiana kidogo msinichukie. Niko Kentucky. Hapa Louisville kuhamisha watoto kwa basi ili weupe na weusi wasome pamoja kulianza 1975 kwa amri ya mahakama na kesi yake ya mwisho ilifika Mahakama Kuu ya Marekani kule Washington 2007, majaji watano kwa wanne wakasema kumpangia mtoto shule kwa kuangalia rangi yake hairuhusiwi. Miaka yote hiyo watoto waliosafirishwa mbali zaidi walikuwa weusi wa upande wa magharibi, ndiyo maana 2022 bodi ikapitisha mpango mpya wa kuwapa nafasi ya kusoma karibu na kwao. Naelewa kwahiyo uchungu wa mtoto kupelekwa mbali. Lakini kabla hujakataa nenda kaione hiyo shule. Omba siku, ingia, uliza walimu wa wageni wako wangapi na wanakaa siku zote au wanapita mara mbili kwa wiki. Pengine ni nzuri kuliko mnayoipigania, na ukikuta sio nzuri basi una maneno ya kusema ambayo umeyaona mwenyewe.

Halafu basi! Watu wanapigania mipaka wanasahau basi. Agosti 9, 2023, siku ya kwanza ya shule hapa, njia za mabasi zilikuwa zimepangwa upya kwa programu ya kompyuta, watoto wa mwisho wamefika nyumbani karibu saa nne usiku, wengine wadogo kabisa, wazazi wamesimama barabarani wanapiga simu hazipokelewi. Shule zikafungwa zaidi ya wiki. Bodi ikikwambia basi litapita saa fulani omba iandikwe, kituo kiko wapi, kuna taa, dereva ameshapatikana au bado wanatafuta. Waulizeni hayo mbele ya watu kikaoni wajibu.

---

mama_neema

Mungu awabariki. Nimeangalia bahasha, zimebaki siku nne. Shida ni kwamba mama wengi hapa hawajui kuandika Kiingereza, wengine hata Kiswahili cha kuandika ni shida. Naruhusiwa kuwajazia? Na kikaoni nani atatutafsiria, watoto wetu?

---

dada_mkalimani

Watoto hapana, tafadhali sana. Nafanya kazi ya ukalimani mahospitalini na mashuleni na sijawahi kuona jema limetoka kwa mtoto kumtafsiria mama yake mbele ya wakubwa wanaobishana juu yake yeye mwenyewe.

Shule zinapokea pesa za serikali kuu, na sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazikataza kumbagua mtu kwa asili yake, ambayo inagusa na lugha. Kwahiyo piga simu ofisi ya bodi kesho asubuhi, ukipata mtu sema maneno mawili tu, Swahili interpreter, watakuunganisha kwa simu. Omba mkalimani wa kikaoni na omba barua kwa Kiswahili, halafu tuma imeili ya mstari mmoja kurudia ulichoomba ili kuwe na tarehe. Na hili watu wengi hawalijui: zile dakika tatu, ukiwa na mkalimani nusu yake inaliwa na tafsiri. Omba mapema dakika sita. Wanakubali mara nyingi, lakini ukiomba siku ya kikao umeshachelewa.

Kujazia wenzio unaruhusiwa, ila aweke sahihi mzazi mwenyewe na umsomee ulichoandika kwa lugha yake kabla hajasaini. Usinakili sababu moja kwa wote, kila mtoto na lake. Mkimaliza pigeni picha kila fomu, pelekeni kwa mkono, na muombe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu makaratasi, tangu kesi ya Plyler iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1982 shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na fomu ya kuomba shule haina sababu ya kuuliza hilo. Ila maikrofoni ya kikao ni kitu kingine, vikao vingi vinarekodiwa video na jina linabaki kwenye kumbukumbu. Mwenye wasiwasi ajaze fomu ya mtoto wake tu, kwenye maikrofoni asimame mwingine.

---

mama_neema

Nimewaelewa wote. Ile barua ya jirani nimesomewa na mwalimu mmoja mstaafu wa kanisani, aya ya pili inasema shule yao "haijaandaliwa kwa wanafunzi wa aina hii". Hatuweki sahihi, baba Neema mwenyewe ndo alikuwa wa kwanza kusema. Ila kuna mama mmoja wa huko huko ng'ambo aliona aibu na hiyo aya, amejitoa na anataka kutusaidia kuandika yetu.

Kesho tukitoka shifti tunakutana ukumbi wa kanisa na fomu zote, mimi na yeye tutaandika. dada_mkalimani nakuomba ukipata nafasi unitumie meseji, kuna bibi analea wajukuu na makaratasi ya ulezi hana, sijui kama sahihi yake itapokelewa.

---

dada_mkalimani

Nimekutumia. Sheria hiyo hiyo ya siku 10 inamtaja mzazi, mlezi, na pia mtu aliyesimama mahali pa mzazi, kwahiyo asikose kujaza. Aje na chochote kinachoonyesha watoto wanaishi kwake, mkataba wa nyumba wenye majina yao, kadi ya kliniki, barua za shule zilizotumwa kwa jina lake. Na mje naye yeye kwanza asubuhi kabla ya wengine, yake itachukua muda.