Kunifungia kompyuta kwa mkono wa mafuta ya sato, mbele ya mteja!

Wakuu, nimetoka Kirumba, hapa Mwanza, sasa hivi, nimekereka mpaka kichwa kinauma. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Nilikuwa namwonyesha mama mmoja wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni mfumo wa kutunza hesabu za magunia. Nimeuandika kwa Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Ukishasajili majedwali yako, ukurasa wa msimamizi unajitengeneza: mama anaingiza gunia, anaweka bei, anaona nani anadaiwa. Anatabasamu kabisa. Mara jamaa huyu hapa, hakuna aliyemwita, anatafuna sato. "Django ni kichezeo cha watoto wa chuo. Hiyo kazi ni ya Laravel." Yaani zana kama hiyo hiyo, ila ya lugha ya PHP. Akafunika kompyuta yangu. Kwa mkono ule ule wa sato!

Kichezeo? Django ilizaliwa kwenye gazeti huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma 2005. Laravel imekuja 2011! Instagram imejengwa kwa Django! Na hakuuliza hata mfumo unafanya nini, kafika, kafunika. Mafuta yaliyobaki pale yanakaanga dagaa wa Ukerewe nzima. Mama ananiuliza, "Mwanangu, kwani hii yako ni feki?"

Ngosha_Igoma: Pole mkuu. Sato alikuwa wa kukaanga au wa kuchoma?

Koda_Nyegezi: Django na Laravel zote mizigo. Flask, ile nyepesi ya Python, faili moja, umemaliza.

Mleta uzi: Faili moja, halafu ukurasa wa msimamizi uandike mwenyewe, maktaba ya databesi ukaitafute pembeni. Na nasema tena: KWA MKONO WA MAFUTA!

Jirani_Pasiansi: Jamaa hana adabu, ila PHP inakubali kwenye seva za kuchangia za bei poa. Python yako utamkodishia mama seva nzima. Kwa dagaa gani?

Mleta uzi: Angesema hivyo kwa mdomo basi! Kafunika!

Ngosha_Igoma: Hujajibu kuhusu sato.

Boti_Mbili: Wewe umefungiwa kompyuta tu. Mimi nimeandika mfumo wa maboti kule Igombe, tajiri kanilipa sangara.

Koda_Nyegezi: Mkubwa?

Boti_Mbili: Mkubwa, ila ameshapasuliwa.

Jirani_Pasiansi: Na mabondo, yale ya tumboni yenye hela?

Boti_Mbili: Kabaki nayo.

Ngosha_Igoma: Hapo hujalipwa, mkuu. Fungua uzi wako.