Nitapimaje sauti ya adapta ya hedifoni ya bei nafuu?

Mkaazi wa Likoni: Ndugu zangu, simu yangu haina tundu la hedifoni, kwa hiyo nimenunua mjini adapta ndogo ya USB-C ya bei nafuu. Sauti inatoka, ila ninaiona hafifu. Je, nitajuaje kama kasoro ni ya adapta au ni ya masikio yangu?

Fundi wa Kisauni: Ndugu, masikio huhadaika kwa urahisi, hivyo anza na multimita (kifaa cha kupimia umeme). Cheza toni ya herzi 100 kwa sauti ya juu kabisa (hedifoni zisiwe masikioni!), upime volti za AC za upande mmoja (kushoto au kulia) bila mzigo, yaani bila kuunganisha kitu kingine kwenye adapta, kisha uunganishe kikinzani (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) cha omu 32 badala ya hedifoni na upime tena. Tuseme volti 0.50 zinashuka hadi 0.47: ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, ukatoa 1, ukazidisha kwa 32, unapata ukinzani wa ndani wa adapta wa takriban omu 2, ambao ni mzuri kwa kuwa ni mdogo. Volti hizo zinatosha hedifoni nyingi ndogo, lakini zile za omu 250 zitabaki hafifu. Usitumie herzi 10,000, kwa kuwa multimita nyingi rahisi hupoteza usahihi huko juu.

Mkaazi wa Likoni: Ahsante sana. Na ule mvumo ninaousikia wimbo unaponyamaza?

Msikilizaji wa Nyali: Huo usikilize usiku nyumbani, si ndani ya feri. Ukikoma mara tu unapochomoa chaja, basi adapta yako haina hatia.