4294967297 ni namba tasa au siyo?

Witiri59
Wakuu, nachunguza 2^32 + 1, yaani 4294967297. Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. 7, 11 na 13 nazo zinaacha baki. Nimefanya jaribio la Fermat kwa msingi 2: 2^(n−1) ukiigawa kwa n inabaki 1, kama tasa. Nihitimishe? Kupitia tasa zote hadi kipeuo cha pili, kama 65536, ni kazi ndefu.

BakiSifuri
Usihitimishe, mkuu. Msingi 2 hauwezi kuikamata namba hii. 2^32 inabaki −1, basi 2^64 inabaki 1. Na n−1 ni 2^32, kigawe cha 64, hivyo lazima upate 1 hata kama n si tasa. Miller–Rabin (jaribio kali zaidi la aina hiyo) kwa msingi 2 nayo inadanganyika vilevile.

Tumia 3 (jaribio la Pépin): anza na 3, ipige kipeo cha pili mara 31, kila mara ukibakiza baki ya kugawa kwa n. Ingekuwa tasa, mwisho ungepata n−1. Hupati.

Kwenye programu angalia aina ya namba. Biti 32 zinaishia 4294967295, kwa hiyo n inageuka 1 kimyakimya. Biti 64 zenye hasi nazo zinafurika ukipiga baki kipeo cha pili.

Kigawo_Tasa
Wala huhitaji tasa zote. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 128, kinabaki 1. Orodha: 129, 257, 385, 513, 641. Tasa ni 257 na 641 tu. 257 inaacha baki 2. 641 inaingia kamili:

4294967297 = 641 × 6700417

Euler alikipata kigawo hiki mwaka 1732. Fermat alikuwa ameamini namba zote za aina hii, 2^(2^k) + 1, ni tasa. Kwa mkono: 641 = 5×2^7 + 1, na pia 5^4 + 2^4. Ukihesabu baki za 641, 5×2^7 ni −1. Ipandishe kipeo cha 4, 5^4×2^28 ni 1. Lakini 5^4 ni −2^4. Basi −2^32 ni 1, na 2^32 + 1 ni sifuri.

Witiri59
Na 6700417 yenyewe?

Kigawo_Tasa
Tasa. Kipeuo chake hakifiki 2589, na kanuni ya 128 inakuachia 257, 641, 769, 1153 na 1409. Baki: 170, 44, 120, 334, 622.

MirabaMiwili
Kuna njia nyingine, mimi naipenda zaidi. n ni 65536² + 1², na pia ni 62264² + 20449². Namba yenye jozi mbili za namna hii haiwezi kuwa tasa. Chukua KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 65536−62264 na 20449−1, unapata 8. KKS ya 65536+62264 na 20449+1 ni 50. Nusu zake 4 na 25: 16 + 625 = 641.